Roboti ya kuvusha watoto: Somo la kwanza la uhandisi kwa wanagenzi wa Turbo

BARABARA kuu itokayo Eldoret kuelekea Malaba hukata katikati ya mji wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Usiku na mchana hupita hapo malori ya mafuta na matrela ya kontena yaendayo Uganda, Rwanda na Congo, bila kusahau matatu, mabasi na bodaboda. Mtoto anayeishi upande mmoja na kusoma upande wa pili hana budi kuivuka barabara hiyo asubuhi na jioni.

Tangu mwaka 2021, ajali za barabarani zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 nchini Kenya kila mwaka, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wale wanaotembea kwa miguu. Kwa hivyo, kumwambia mwanafunzi wa sekondari ya msingi huko Turbo abuni mashine ya kumsaidia mtoto wa gredi ya kwanza kuvuka barabara si kumpa mchezo wa kuigiza. Ni kumkabidhi tatizo analolijua, linalomhusu, na ambalo jibu lake likiwa baya mtu anaweza kuumia.

Ndiyo maana zoezi la namna hiyo ni mlango mzuri wa kuingilia uhandisi. Wengi hudhani kuwa uhandisi huanza na nyaya, mota na hesabu ngumu. Ukweli ni kwamba vitu hivyo huja baadaye. Usanifu wa kihandisi huanza kwa kumtazama binadamu atakayekutana na mashine: urefu wake, hofu yake, haraka yake na mambo anayoyaamini. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Roboti imetoka kizimbani

Neno roboti lilienea duniani kutokana na tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Kwa lugha nyepesi, roboti ni mashine yenye mambo matatu: vihisi vya kuitambua hali iliyo mbele yake, programu ya kuamua la kufanya, na viungo au vifaa vya kulitenda jambo hilo. Mashine ya kusaga mahindi si roboti kwa sababu haitambui kama kilichotiwa ndani ni mahindi au mawe. Kazi yake ni kusaga tu.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyoitwa Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha magari cha General Motors nchini Marekani. Kwa miaka mingi baadaye roboti ziliwekwa mbali na watu, na viwanda vingi vikazizungushia uzio kama mnyama mkali. Sababu ilikuwa wazi. Mkono wa chuma usiojua kuwa mtu yuko mbele yake humgonga mtu huyo sawasawa na unavyolisukuma bati. Mnamo Januari 1979, mfanyakazi wa kiwanda kimoja katika jimbo la Michigan aligongwa na mkono wa aina hiyo akafariki. Kisa hicho hutajwa kuwa kifo cha kwanza cha binadamu kilichosababishwa na roboti.

Leo roboti zimetoka kizimbani. Mnamo Mei 2020, wakati wa janga la corona, Rwanda ilianza kutumia roboti tano katika vita dhidi ya ugonjwa huo jijini Kigali. Zilipima joto la mwili na kuwapelekea wagonjwa chakula na dawa, ili wauguzi wasilazimike kuwakaribia mara kwa mara. Nazo zilipewa majina ya Kinyarwanda. Jina si pambo tupu hapo, kwa maana mgonjwa anayeitambulisha mashine kwa jina la lugha yake haiogopi kama anavyoliogopa dubwana asilolijua.

Kutokana na mabadiliko hayo limezaliwa tawi zima la elimu linaloshughulikia maingiliano ya binadamu na roboti. Wataalamu wake hawaulizi tu kama mashine inafanya kazi. Huuliza pia iwapo mtu anaielewa, kama anaiamini kuliko inavyostahili au haiamini hata kidogo, na nani atakayebeba lawama ikikosea.

Funzo la Kinshasa

Mfano ulio karibu zaidi na tatizo la Turbo unapatikana katika nchi nyingine ya Afrika. Mwaka 2013, roboti mbili za kuongoza magari ziliwekwa katika barabara za Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Zilibuniwa na mhandisi Thérèse Kirongozi pamoja na wenzake wa shirika la wanawake liitwalo Women Technology. Mwaka 2015 roboti nyingine tatu zikaongezwa, nazo zikapewa majina ya Tamuke, Mwaluke na Kisanga.

Roboti hizo zilitengenezwa kwa alumini, zikawa na urefu wa kiasi cha mita 2.5 na kutumia nguvu za jua. Zilikuwa na taa nyekundu na kijani, mikono ya kuzuia na kuruhusu magari, na kifua kinachozunguka kuelekea upande huu na ule. Zilikuwa pia na kamera za kupeleka picha kwa polisi, na sauti ya kuwaeleza waendao kwa miguu wakati wa kuvuka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mhandisi ajisumbue kuunda kifua na mikono, ilhali taa tatu juu ya mlingoti hufanya kazi hiyo kote duniani. Jibu ni kwamba dereva wa Kinshasa alikuwa amezoea kumtazama askari wa trafiki, na umbo la mtu mrefu aliyesimama katikati ya njia panda lilimsimamisha kwa mazoea hayo. Isitoshe, baadhi ya madereva waliwaambia waandishi wa habari kuwa waliiheshimu roboti kuliko askari.

Hata hivyo, funzo la Kinshasa halimaanishi kuwa Turbo nayo isimamishe jitu la alumini kando ya barabara. Linalofaa kuigwa ni utaratibu wa fikra: kutazama kwanza jinsi watu wa mahali fulani wanavyoishi na wanavyotii, halafu kuipa mashine umbo linaloafikiana na hali hiyo.

Hatua ya kwanza: Kuketi na kutazama

Mwanafunzi aliyepewa zoezi hili asikimbilie waya. Aanze kwa daftari na kalamu, akae mahali salama pamoja na mwalimu, mbali na ukingo wa lami, awatazame wavukaji kwa siku kadhaa.

Je, watoto huvuka wakiwa wangapi? Huvuka mahali palipochorwa milia au hufuata njia ya mkato? Husimama kwanza, au humfuata tu mkubwa aliye mbele? Mvua ikinyesha hufanya nini? Dereva akipunguza mwendo, mtoto hujuaje kwamba gari hilo linampisha yeye, wala halimkwepi mwendeshaji wa bodaboda?

Baada ya kutazama, mwanafunzi awahoji watu: watoto wenyewe, wazazi, waendeshaji wa bodaboda, madereva wa malori, na walimu wanaoshika zamu langoni. Mara nyingi ndipo hugundua kuwa tatizo si lile alilolidhania. Huenda alidhani watoto hawajui kuvuka, kumbe wanajua lakini hawaonekani nyuma ya gari lililoegeshwa. Huenda alipanga kuweka kitufe cha kubonyezwa na mvukaji, kumbe mtoto wa miaka sita hafikii kitufe kilichowekwa kwa kimo cha mtu mzima.

Kisha aandike tatizo kwa sentensi moja isiyotaja mashine yoyote. Kwa mfano: "Mtoto wa gredi ya kwanza anahitaji kuonekana na dereva mapema, na kupewa muda wa kutosha kufika ng'ambo." Sentensi kama hiyo huacha milango mingi wazi. Anayeandika "tunahitaji roboti yenye taa" amekwisha kujifungia mlango kabla ya kuingia ndani.

Hatua ya pili: Mtu nyuma ya pazia

Hapa ndipo mwanagenzi asiye na fedha anapopata nafuu. Wataalamu wa maingiliano ya binadamu na roboti wana mbinu ya kuijaribu mashine ambayo bado haijaundwa. Huweka umbo la mashine mbele, na mtu aliyejificha huliendesha kwa siri huku watumiaji wakidhani linajiendesha. Mapema miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, John F. Kelley, aliipa mbinu hiyo jina kutokana na hadithi ya mchawi wa Oz, ambaye ukuu wake wote ulikuwa hila ya mzee aliyejibanza nyuma ya pazia.

Shuleni Turbo mbinu hiyo inahitaji maboksi makubwa, kamba, rangi, tochi na uwanja. Wanafunzi huchora barabara ya bandia kwa majivu au chokaa, wakaipa upana wa mita 7. Wachache huwa magari, na wengine huwa wavukaji. Roboti ni boksi lenye uso na mkono wa ubao, na mwenzao aliyejificha ndani huuinua mkono kwa kamba, kuwasha tochi na kutamka maneno.

Zoezi hilo la saa moja huibua mambo ambayo kitabu hakiwezi kuyataja yote. Roboti ikisema "Subiri" kwa sauti ya upole, watoto huenda wasiisikie wakati lori linaponguruma. Ikiinua mkono, baadhi watadhani inawaita, na wengine kwamba inawazuia. Mtoto asiyesikia hatapata chochote kutokana na sauti. Tochi inayong'aa darasani haionekani kabisa kwenye jua la saa sita. Kuhusu lugha, Turbo ni mji wa Wanandi, Waluhya, Wakikuyu na wengine wengi, na madereva wanaopita hapo wengine hutoka nchi za mbali. Yamkini ishara inayoeleweka bila neno lolote itafaa kuliko maneno yenyewe.

Kila kasoro inayojitokeza huandikwa, boksi likarekebishwa, jaribio likarudiwa. Kurekebisha boksi hugharimu gundi na dakika kumi. Kurekebisha mashine iliyokwisha kuchomelewa chuma na kuwekewa saketi hugharimu fedha na machozi. Wahandisi wakubwa nao hufuata kanuni hiyo hiyo: kosea mapema, wakati kukosea bado ni rahisi.

Ni muhimu kusisitiza kuwa majaribio hayo hufanywa uwanjani pekee. Barabara kuu iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, na hakuna mwanafunzi wala mwalimu mwenye ruhusa ya kuweka ishara yake hapo.

Hatua ya tatu: Hesabu inayosema ukweli

Baada ya kuelewa watu, sasa hesabu inaingia, tena inakuwa na maana kwa sababu inamhusu mtoto aliyekwisha kuonekana.

Tuseme mtoto mdogo hutembea mita 1 kwa sekunde. Barabara yenye upana wa mita 7 itamchukua sekunde 7. Akisitasita kwa sekunde 2 kabla ya kuanza, jumla ni sekunde 9. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita kiasi cha mita 22 kila sekunde, na hivyo katika sekunde 9 litakuwa limekwenda mita 200. Kwa maneno mengine, barabara haiwezi kuitwa tupu iwapo kuna lori la mwendo huo katika umbali wa mita 200. Likipunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, umbali huo unashuka hadi mita 125.

Tena lori halisimami papo hapo. Dereva akichukua sekunde 2 kuona na kukanyaga breki, lile la kilomita 80 kwa saa limekwisha kula mita 44 kabla magurudumu hayajaanza kukazwa. Na umbali wa kufunga breki hauongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali huo huwa mara nne.

Sasa mwanafunzi aitazame mashine yake. Kihisi kinachopatikana kwa urahisi katika vifaa vya wanaoanza ni kile cha mawimbi ya sauti. Kifaa hicho hutoa sauti kali isiyosikika na sikio la binadamu, kikasubiri mwangwi, kama anavyofanya popo gizani. Kwa kupima muda wa mwangwi kurudi, kinakisia umbali wa kitu kilicho mbele. Tatizo ni kwamba vihisi hivyo vya bei nafuu huona hadi mita 4 hivi.

Mita 4 dhidi ya mita 200! Hata kama sauti yake ingefika huko, hali isingebadilika sana. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda mita 200 na kurudi kungechukua zaidi ya sekunde moja, na wakati huo lori lingekuwa limesogea karibu mita 26. Mashine ingekuwa inatoa habari za jana.

Mwanafunzi mwingi wa tamaa angelifumbia macho jambo hilo, akaendelea kuipaka roboti yake rangi kwa ajili ya maonyesho. Anayeanza kuwa mhandisi hukubali kile ambacho hesabu imemwambia: mashine hii haiwezi kujua kama barabara ni salama, hivyo hairuhusiwi kusema "Vuka".

Hatari ya kuaminiwa kupita kiasi

Huenda mtu akaona kuwa hiyo ni hofu ya bure, kwa kuwa mtoto ana macho na ataangalia mwenyewe. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Mwaka 2016, wataalamu wa chuo kikuu cha Georgia Tech nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio moja la ajabu. Waliwaweka watu katika jengo, wakatoa moshi wa bandia na kupiga king'ora cha moto, kisha roboti ikajitokeza kuwaongoza. Watu wote 26 waliokumbwa na dharura hiyo ya bandia waliifuata roboti, ingawa baadhi yao walikuwa wameiona ikikosea njia dakika chache kabla. Waliipita njia waliyoingilia na kuelekea kule mashine ilikowaelekeza.

Ikiwa watu wazima, tena waliokwisha kuiona mashine ikiboronga, waliifuata namna hiyo, mtoto wa miaka sita atafanya nini mbele ya roboti yenye macho makubwa na sauti ya kirafiki? Kadiri mashine inavyofanana na mtu, ndivyo inavyoaminiwa kana kwamba ina akili za mtu. Uso wa kuvutia ambao mwanafunzi aliuchora kwa nia njema unaweza kuwa ndio mtego wenyewe.

Basi tatizo linaandikwa upya. Badala ya roboti inayoamua, inatafutwa inayomsaidia mtu mzima aliyepewa jukumu la kuvusha. Yeye ana macho ya kuona mbali na busara ya kujua kwamba lori lile limeshindwa kupunguza mwendo. Roboti inaweza kumwinulia bango refu lionekane juu ya magari, kumulika taa za kuwaonya madereva mapema, na kuhesabu watoto waliopita ili asiachwe yeyote. Hata kihisi cha mita 4 sasa kinapata kazi inayokifaa, yaani kutambua mtoto aliyekaribia ukingo kabla ya wakati na kumstua mvushaji. Kwa hivyo, kifaa kilichoonekana duni kimefaa baada ya kazi yake kubadilishwa.

Linabaki swali la mwisho: Mashine ikiharibika itakuwaje? Betri ikiisha, bango libaki juu au lianguke? Jibu linaweza kupatikana kwenye reli ya zamani itokayo Nakuru kupitia Eldoret na Turbo hadi Malaba. Breki za treni zimebuniwa ili bomba likikatika, zijifunge zenyewe. Hitilafu husimamisha gari moshi badala ya kuliachilia. Vivyo hivyo, roboti ya kuvusha inapaswa kuundwa na kuelezwa kwa watoto kwa namna ambayo ukimya wake una maana moja tu: "Usivuke mpaka mkubwa akwambie."

Glavu zinazosema

Mwanagenzi wa Turbo asidhani kuwa yeye peke yake ndiye anayelazimika kurudi nyuma na kubadilisha mpango. Mhandisi Mkenya Roy Allela alibuni glavu ziitwazo Sign-IO, ambazo zilimpatia tuzo ya chama cha wahandisi mitambo wa Marekani na kuvuma sana mwaka 2019. Glavu hizo zina vihisi katika vidole. Mtu anayetumia lugha ya ishara anapokunja na kunyoosha vidole, vihisi hupima mkunjo, taarifa ikapelekwa kwenye simu, na simu ikatamka neno. Allela alichochewa na mpwa wake ambaye ni kiziwi, na familia yake ambayo haikuielewa lugha ya ishara.

Alipozipeleka glavu hizo kwa watoto wa shule ya mahitaji maalumu katika kaunti ya Migori, alibaini kuwa wasemaji wa lugha ya ishara hawana kasi moja. Wapo wanaoashiria upesi na wapo wanaokwenda polepole. Ilibidi programu ikubali tofauti hizo. Watumiaji pia wakapewa uwezo wa kuchagua lugha na sauti ya kutamkiwa maneno yao. Mambo hayo hayakugunduliwa mezani pa mhandisi. Yalitoka mikononi mwa watoto.

Aidha, katika nchi mbalimbali viziwi wamekuwa wakitoa pingamizi dhidi ya glavu za aina hiyo kwa jumla. Wanakumbusha kuwa lugha ya ishara haisemwi kwa vidole pekee. Uso, mabega na mwelekeo wa macho ni sehemu ya sarufi yake. Tena wanauliza kwa nini kiziwi ndiye avishwe kifaa, badala ya anayesikia kujifunza ishara. Pingamizi hilo haliufuti ubunifu wa Allela, bali linaonyesha kuwa mazungumzo kati ya msanifu na mtumiaji hayaishi siku kifaa kinapopata tuzo.

Vifaa viko, kazi imebaki

Wapo watakaosema kuwa mambo haya ni ya shule za kifahari za Nairobi. Lakini ni nadra kumpata mtoto wa kijijini nchini Kenya ambaye hajawahi kuunda au kuona gari la waya, lenye magurudumu ya kandambili kuukuu na usukani mrefu unaomwezesha kuliendesha akiwa amesimama. Usukani huo ni usanifu kamili. Mtoto amejiuliza ataliongozaje gari bila kuinama, akapata jibu bila kufundishwa na mtu. Pia karakana za jua kali, ambako mafundi huchomelea milango, hukata mabati na kufufua mota zilizotupwa, ni maabara zisizo na jina hilo.

Kwa wanaotaka kuongeza saketi, bodi ndogo ya Arduino ilibuniwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Michoro yake ilitolewa wazi, kwa hivyo watengenezaji wengi huiunda kwa bei nafuu. Bodi moja, vihisi viwili, mota ndogo na taa chache hutosha kundi zima la wanafunzi, mradi kila mmoja apate zamu na jukumu lake.

Mtaala wa umilisi nao umefungua mlango. Sekondari ya msingi ilianza Januari 2023 ikiwa na somo la kuwaandaa wanafunzi kwa fani za kiufundi, na mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wasiwasi uliopo ni kuwa shule nyingi zitasubiri maabara na tarakilishi kabla ya kuanza lolote. Zoezi la boksi na kamba halisubiri umeme. Linasubiri mwalimu atakayekubali kuwatoa wanafunzi uwanjani, na kuwatuza kwa makosa waliyoyagundua kabla ya kuwatuza kwa mashine iliyong'aa.

Eneo la Eldoret, mji ulio kiasi cha kilomita 35 kutoka Turbo, lina taasisi za kuendeleza safari hiyo, zikiwemo shule ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret na Eldoret National Polytechnic. Ikiwa wahadhiri na wanafunzi wa huko watapanga siku moja kwa muhula ya kukaa na watoto wa sekondari ya msingi, watatoa elimu, na pengine wao pia watarudi na maswali ambayo hawakuwa nayo.

Kipimo cha mafanikio ya zoezi hili si roboti itakayosimama kando ya barabara. Pengine kundi la wanafunzi litamaliza muhula likiwa na boksi lililochakaa, daftari lililojaa michoro iliyofutwa, na barua fupi kwa idara husika ikieleza, kwa tarakimu, kwa nini kivuko kilicho mbele ya shule yao kinahitaji matuta, alama na mvushaji mwenye bango. Barua ya namna hiyo, yenye mita, sekunde na idadi ya watoto waliohesabiwa kwa macho, ni kazi ya uhandisi. Pia huenda ikaokoa maisha mapema kuliko mashine yoyote.